Maji yaligoma kufika 100, nikamkosa Hetal

Wakuu, sasa?

Mimi humu ni wa kusoma, kucheka na kupita. Leo naandika langu. Sitatia chumvi, na pale nilipokuwa mjinga nitasema wazi nilikuwa mjinga. Mtakutana na hiyo sehemu, ni ndefu.

Ilikuwa 2004. Nina miaka ishirini, naishi Dagoretti na mathe, mama yangu, karibu na machinjio. Shule niliachia Form Two, sababu ni ile mnayoijua, karo.

Lakini kuna kitu kimoja cha shule ambacho hakikuniacha. Chemistry.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja, mifereji miwili, na harufu ya gesi isiyoisha. Siku mwalimu aliposhika utepe wa magnesiamu kwa koleo akauwasha, ukatoa ule mwanga mweupe, wenzangu walifunika macho. Mimi niliangalia mpaka nikaona madoa ya kijani hadi jioni. Nikajua nimepata dini ya pili.

Miaka minne baadaye bado nilikuwa naota niko mle ndani, nimevaa koti jeupe. Naamka, naangalia mikono, ni nyeusi tii.

Nyeusi kwa sababu ya kazi. Mimi na mathe tulikuwa tunatengeneza madonge.

Kwa asiyejua: muuza makaa akimaliza gunia, chini hubaki vumbi. Hilo vumbi tunalichukua, tunalichekecha, tunachanganya na mavi ya ng'ombe na udongo wa kushikilia, tunaviringisha saizi ya kangumu, yale maandazi magumu ya mviringo, tunaanika juu ya mabati. Jua likiwa na adabu, siku nne. Linawaka polepole, githeri ya mahindi na maharagwe inaiva, na mtu anapata maji ya kuoga.

Mavi hayakuwa shida, tuko na machinjio (msicheke, ni mali). Shida ilikuwa udongo. Udongo hauwaki. Ukiweka mwingi, jiko linajaa jivu na moto unalala. Ukiweka kidogo, donge linavunjika mkononi mwa mteja na unatukanwa hadi ukoo.

Siku moja nikiwa River Road nikaona nyuma ya wachapishaji wametupa karatasi, zile kingo zinazokatwa za kadi za harusi na risiti. Nikajaza gunia. Nikaloweka siku mbili, zikawa uji, nikachanganya na vumbi badala ya udongo.

Wakuu, lilishika! Gumu, jepesi, na likiwaka halina moshi mwingi. Mathe alilishika akaligonga kwenye ukuta.

"Hii umeiba wapi?"

"Nimetengeneza, mathe."

"Na harusi ya watu ndani?"

Kumbe lilikuwa limebaki na kipande cha neno la dhahabu kutoka kadi ya harusi.

Basi nilihitaji wavu mzuri wa kuchekechea. Ndipo nikaingia duka la Mzee Kanti, palepale River Road. Anauza majiko ya bati, ndoo, waya, sufuria za kila namba. Mhindi aliyezaliwa Nairobi, anaongea Kikuyu kuliko mimi, na akikasirika anarudi kwa Kiswahili ili wote muelewe.

Siku hiyo kaunta ilikuwa na binti yake.

Hetal. Amemaliza shule, anasaidia babake akingoja kwenda Uingereza, chuo kikuu. Miwani, nywele amezifunga kwa kalamu. Sikuwa najua kalamu inaweza kufunga nywele.

Nilipoweka mikono juu ya kaunta akaitazama.

"Wewe! Kwani hiyo mikono imefanya nini?"

"Ni makaa ya vumbi. Sio chafu, ni kazi."

"Sijasema ni chafu. Nimeuliza imefanya nini."

Nikamweleza. Nilidhani nitaeleza sentensi mbili, nikaeleza mpaka mteja wa nyuma yangu akaanza kukohoa. Nilipofika kwa karatasi badala ya udongo, Hetal akaegemea kaunta kwa viwiko.

"Ni logic kabisa. Udongo hautoi joto lakini unataka kupashwa. Ni kama mgeni anakula na haoshi vyombo."

Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza tangu Form Two.

"Umepima?"

"Nimepima nini?"

"Energy. Gramu ngapi ya donge lako inapasha maji kiasi gani."

Nikasema bado. Bado, kama mtu aliyekuwa na mpango!

Nikaanza kupita pale kila nikienda kuokota karatasi. Nyinyi mnajua mtu akihitaji karatasi, anaweza kuzihitaji hata mara tatu kwa wiki. Hetal akawa ananifundisha juu ya kaunta, kwa nyuma ya risiti. Joto ambalo maji yamepata ni uzito wa maji, mara 4.2, mara digrii zilizopanda. Akaniambia moto hauumbi kitu kipya. Nguvu ilikuwa imelala ndani ya mti tangu unakua, wewe unaifungulia mlango tu, na ikitoka lazima ionekane mahali: kwa maji, kwa sufuria, kwa hewa, kwa uso wako ukipuliza.

Hayo maneno niliyarudia nikitembea kurudi stage ya matatu. Watu walidhani naomba.

Sijui kama alijua. Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini? Yeye anakaa Spring Valley, nyumba ina ua wa michongoma unaokatwa na mashine. Mimi nanuka machinjio nikitoa jasho. Nilichotaka ni kusimama pale kaunta, aniulize umepima, na mimi niseme ndiyo.

Mzee Kanti naye alikuwa anatuangalia kwa jicho moja, lingine liko kwa mafundi waliokuwa wanashika-shika misumari yake. Siku moja nikajipa moyo, nikamuuliza kama anaweza kuweka madonge yangu kando ya majiko. Mtu akinunua jiko, anunue na moto wake.

Akacheka. "Kijana, kila mtu anayeingia hapa ana kitu kizuri kuliko cha mwenzake. Nitajuaje?"

Hetal akadakia. "Papa, akileta nambari?"

"Nambari ni kitu ingine. Nambari sibishani nayo."

Basi Hetal akapanga. Akatoa sufuria mbili za namba ileile, mpya. Akatoa themomita mbili zake za shule, ndefu, za glasi. Yeye apime makaa ya kawaida kwao nyumbani. Mimi nipime madonge Dagoretti. Lita mbili za maji, jiko la aina moja. Unapima uzito wa moto kabla, unapasha maji mpaka yachemke, unazima moto kwa mchanga, unapima kilichobaki. Kilichopungua ndicho kilicholiwa.

"Lete Jumamosi," akasema. "Jumapili nasafiri."

Nilijua atasafiri. Lakini sikuwa nimejua ni Jumapili ipi.

"Jumamosi," nikasema.

"Muiruri, usinikose, eh? Nataka kuona yako kabla niende."

Wakuu, hiyo "nataka kuona yako" nililala nayo, nikaamka nayo, nikachekecha vumbi nayo.

Sasa hapa ndipo sehemu ya ujinga inaanza. Shikilieni viti.

Hetal alisema "mpaka yachemke." Hakusema nambari. Nambari niliweka mwenyewe. Kwenye karatasi yangu niliandika kwa herufi kubwa: MWISHO 100. Kwa sababu kitabu cha Form Two kilisema maji yanachemka digrii 100, na mimi kitabu hicho nilikuwa nakijua kama Baba Yetu.

Jumatano mchana nikaazima mizani ya bucha ya jirani. Nikapima madonge. Nikawasha. Maji yakaanza 21. Yakapanda vizuri, 40, 60, 80. Moyo unapiga. 90. 92. 94.

Yakasimama.

Nikapepea. 94. Nikaongeza madonge. 94. Maji yanaruka ndani ya sufuria, yanatoa mvuke, yananimwagikia vidoleni, themomita inasema 94.

Mathe akatoka nje na majani ya chai mkononi.

"Muiruri, hiyo maji imechemka. Unangoja nini, ikusalimie?"

"Bado, mathe. Imefika 94 tu."

"Tisini na nne ya nini? Toa hiyo fimbo ya glasi niweke majani."

"Mathe, inataka kufika mia. Hii ni kuchemka ya uongo."

Alinitazama vile mtu hutazama ng'ombe aliyekataa kutoka kwa gari.

"Miaka hamsini napika chai. Sijawahi kuona maji ikidanganya."

Nikakataa. Maji yakapungua, yakapungua, yakabaki nusu. 94.

Nikafikiria labda themomita ni mbovu. Nikaipoza, nikaiweka kwapani. Ikasema 36. Nikaitoa, nikaipangusa, nikaiomba msamaha. Haikuwa na kosa.

Basi kosa liko kwa moto wangu. Nikajiambia donge langu lina nguvu ya kufika 94 na halina nguvu ya kumaliza safari. Kama mimi na shule.

Alhamisi nikapunguza mavi, nikaviringisha madonge madogo nikayakausha kando ya jiko, jua lingechelewa. 94. Nikaongeza karatasi. 94. Ijumaa nikachagua vumbi zuri peke yake, lililokauka kabisa. Yakapanda haraka kuliko siku zote, na moyo wangu ukapanda nayo. Yalipofika 94 nikapiga magoti kando ya jiko, si kwa kuomba, kwa kuangalia ule mstari mwekundu kwa karibu.

Haukusonga hata unywele.

Mtaniuliza, si ungejaribu makaa ya kawaida ulinganishe? Wakuu, huo ndio ujinga wenyewe. Makaa ya kawaida ilikuwa kazi ya Hetal. Na sikuwa na shaka hata kidogo kwamba yake yamefika 100. Makaa ya gunia, nyumba ya Spring Valley, mtu anayekwenda chuo kikuu. Yangekosaje?

Ijumaa jioni nikavunja madonge yote yaliyokuwa kwenye mabati, nikayarudisha ndani ya ndoo. Mathe aliniona. Aliniwekea chakula.

Jumamosi nilioga nikavaa shati ya kanisa. Nikaenda River Road. Nilitaka niseme ukweli: imeshindwa, asante, safiri salama. Hayo maneno nilikuwa nimeyapanga vizuri.

Nikafika ng'ambo ya duka. Nikamwona kupitia mlangoni. Amekaa juu ya gunia la misumari, amevaa vazi la kijani, binamu zake wamejaa duka wanaongea kwa sauti. Kila mtu akiingia, anainua kichwa.

Nikajiona nikiingia pale. Binamu wote wananyamaza. "Umepima?" "Nimepima. Yangu haichemshi maji."

Wakuu, barabara ile ina hatua kumi na mbili hivi. Sikuzivuka. Nilisimama kando ya muuza mikanda mpaka akaniuliza kama nanunua au nalinda. Kisha nikageuka, nikatembea kwa miguu hadi Dagoretti, na shati ya kanisa.

Jumapili ndege zilipita juu kama kawaida. Sikujua yake ni ipi, kwa hiyo niliziangalia zote.

Wiki tatu nikakaa mbali na River Road. Tukarudi kwa udongo. Lakini themomita ilikuwa kwa nyumba, imefungwa kwa leso ya mathe, na kitu ya mtu ni kitu ya mtu. Jumamosi ya tatu nikaibeba pamoja na sufuria.

Mzee Kanti alikuwa peke yake. Aliponiona akaanza kwa Kikuyu, kwa hiyo nikajua hajakasirika sana.

"Ulikuwa wapi? Msichana alikungoja mpaka nikafunga duka. Binamu zake wamemcheka, wamesema ni boyfriend gani huyu wa kuleta makaa. Yeye anasema, atakuja. Saa kumi, atakuja. Saa kumi na moja, atakuja."

Nilikosa pa kuweka mikono.

"Mzee, ilishindwa. Niliona aibu. Moto wangu ulifika 94 ukakwama."

Akaweka kalamu chini.

"Ulikwama wapi?"

"Tisini na nne."

Akafungua droo, akatoa daftari, akafungua katikati, akaligeuza linitazame. Mwandiko wa Hetal. Ukurasa umegawanywa mara mbili kwa rula. Upande mmoja, makaa: majaribio matatu. Mwanzo 21, mwisho 94. Mwanzo 20, mwisho 94. Mwanzo 21, mwisho 94. Chini yake ameandika kwa Kiingereza, amepigia mstari, kwamba amkumbushe Muiruri huku kwetu juu maji hayangoji mia.

Upande wa pili ulikuwa na jina langu juu, na mistari mitupu.

Nikasoma. Nikarudia. Masikio yalipata moto.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni Nairobi," akasema. "Tuko juu sana, hewa ni nyepesi, haikandamizi maji. Yanachemka mapema. Mama yangu alipoolewa kutoka Mombasa alitukana dengu za Nairobi miaka arobaini. Anasema maji ya huku yanaruka tu, hayapiki. Unadhani kwa nini githeri ya mamako inakula mchana mzima?"

Wakuu. Mathe alikuwa amesema. Macho yangu yalikuwa yamesema. Vidole vyangu vilivyoungua vilikuwa vimesema. Mimi nikaamini kitabu, kwa vile nilikuwa nakipenda kitabu, nikaona heri moto wangu uwe mwongo.

Nikaanza kuondoka. Sikutaka kulia, mtu mzima, dukani kwa watu.

"Ngoja," Mzee akasema. "Jumamosi huwa nampigia simu saa hizi."

Akakwangua kadi ya simu kwa shilingi, akabonyeza nambari ndefu kama ya kesi. Akaongea Kigujarati kidogo. Nikasikia jina langu katikati. Kisha akaninyooshea mkono wa simu, na yeye akaenda kupanga ndoo zilizokuwa zimepangwa tayari.

"Muiruri?"

Sauti ilikuja kwa mbali, na kila neno lilichelewa kidogo kufika.

"Ee. Ni mimi."

"Ilikuwa ngapi?"

Hakuuliza nilikuwa wapi. Hakuuliza mbona sikuja.

"Tisini na nne," nikasema. "Zote. Siku tatu."

Nikadhani simu imekatika. Halafu nikasikia pumzi, kama mtu anayecheka na hataki kusikika akicheka, au kitu kingine, sijui, simu ilikuwa mbali.

"Yangu pia," akasema.

Nilitaka kumwambia mengi. Kwamba nilikuwa ng'ambo ya barabara. Kwamba kijani kilimkaa vizuri. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni:

"Maji ya huko yanachemka ngapi?"

"Bado sijapima. Wewe ulitumia gramu ngapi?"

"Sikupima mwisho. Nilikuwa nangoja mia."

"Pima basi, Muiruri. Pima, halafu..."

Kadi ikaisha.

Nilishika ule mkono wa simu unaolia tuu mpaka Mzee Kanti akaja akaniondolea mkononi, polepole, akaurudisha mahali pake.

Nilirudi nyumbani nikaloweka karatasi upya. Nikangoja jua. Nikapima mara tatu, safari hii maji yakichemka nazima. Makaa ya Hetal, kwenye daftari, yaliliwa gramu 110 hivi, madonge yangu 150 hivi. Kwa uzito nimeshindwa, sifichi. Lakini vumbi ni kitu cha kutupwa, na karatasi pia. Mzee Kanti alisoma, akasema hizo ni nambari za mtu asiyedanganya, akaweka magunia mawili kando ya majiko. Mpaka leo naleta.

Nambari nilizijaza mwenyewe kwenye ule upande mtupu, kwa mwandiko wangu wa Form Two. Mzee alimsomea kwa simu. Mimi sikuwepo, nilikuwa nachukua mavi machinjioni. Aliniambia Hetal alisema "good," kisha wakaongea mambo ya baridi na koti.

Sijaongea naye tena. Imepita miaka. Nimesikia anafanya kazi huko huko, kwenye maabara, na ana koti jeupe. Nilifurahi kweli, wakuu. Nilifurahi nikaenda kukaa nje kidogo.

Nilichojifunza? Kwanza, mathe akisema maji yamechemka, yamechemka. Pili, jibu lako likikuaibisha, usilifiche kabla hujaona la mwenzako. Mimi nilidhani niko peke yangu na 94 yangu Dagoretti, na siku hiyo hiyo mtu Spring Valley ameinamia sufuria anaangalia nambari hiyo hiyo. Tulikuwa tumefika pamoja. Ni mimi sikuvuka barabara.

Sasa niambieni. Kuna yeyote humu aliyewahi kugeuka karibu hivyo? Na wa Mombasa, Kisumu, Nakuru, mwenye themomita apashe maji atupie nambari yake hapa. Hata wa Uingereza kama yumo anasoma, atuambie, huko yanachemka ngapi.